Maradhi ya Njia ya Mkojo kwa Wanawake Wenye Mimba: Somo kwa Wasomaji wa Musoma, Bunda na Butiama

Somo letu la leo lahusu maradhi ambayo jina lake hutajwa kila siku, walakini ni wachache wayajuao sawasawa. Ni maradhi ya njia ya mkojo, ambayo siku hizi watu huyaita U.T.I. Twataka kueleza jinsi yanavyomshika mwanamke mwenye mimba, hatari anayoipata yeye na mtoto aliye tumboni, na namna ya kuyatibu. Twawaomba wazee wa vijiji, watendaji na walimu wasome kwa makini, kisha wawasomee na wale wasiojua kusoma, wanaume kwa wanawake. Maana habari ya mimba si ya wanawake peke yao.

Yafaa ijulikane tangu mwanzo ya kwamba katika jambo hili watu hukosa kwa njia mbili. Wako wanaongoja mpaka waone maumivu, wakidhani asiyeumwa hana ugonjwa. Na wako wanaokimbilia dukani kununua vidonge kila wahisipo moto kidogo wakati wa kukojoa, bila kupimwa. Makosa haya mawili ni mbalimbali, lakini dawa yake ni moja, nayo ni kupima mkojo.

1. MKOJO NA NJIA YAKE

Mwilini mwa kila mtu mna figo mbili, moja kila upande wa uti wa mgongo, chini ya mbavu za nyuma. Kazi yake ni kuchuja damu na kutoa uchafu pamoja na maji yaliyozidi. Maji hayo ndiyo mkojo. Kutoka katika kila figo mkojo hushuka kwa mrija mwembamba mpaka kwenye kibofu, hukaa humo, kisha hutoka nje kwa njia ya mwisho. Kwa mwanamume njia hiyo ya mwisho ni ndefu. Kwa mwanamke ni fupi, nayo iko karibu na njia ya haja kubwa. Ndiyo sababu wanawake hupata maradhi haya mara nyingi kuliko wanaume.

Maradhi yenyewe huletwa na vijidudu visivyoonekana ila kwa darubini. Kijidudu kinachoyaleta mara nyingi kupita vingine huitwa Escherichia coli, kwa jina la daktari Theodor Escherich aliyekieleza mwaka 1885 huko Ujerumani. Kijidudu hiki hukaa matumboni mwa watu wote, nacho kikiwa huko kwa kawaida hakidhuru. Kikitoka mahali pake kikaingia katika njia ya mkojo, hapo huwa adui.

2. KWA NINI MIMBA HUONGEZA HATARI

Mtazameni mkulima na mfereji wake. Maji yakienda mbio, taka huchukuliwa. Yakisimama, huota ukoga. Ndivyo ilivyo kwa mkojo. Mwanamke akishika mimba, mwili wake hutoa vichocheo vya kuulegeza mji wa mimba ili mtoto apate nafasi, na vichocheo hivyo huilegeza pia ile mirija itokayo katika figo. Mirija hupanuka, na mkojo hushuka polepole. Baadaye mji wa mimba ukikua huikandamiza mirija hiyo, hasa ya upande wa kuume, maana aghalabu huinamia upande huo. Kadhalika kibofu huweza kubakiza mkojo baada ya kukojoa. Basi vijidudu vikiingia hupata maji yaliyotulia, huzaana, na hupanda juu mpaka kwenye figo kwa urahisi kuliko kwa mwanamke asiye na mimba.

Kwa hiyo mwanamke aliyeshikwa na maradhi haya asilaumiwe ya kwamba ni mchafu au mvivu wa kuoga. Usafi wafaa, walakini hata mwanamke msafi kabisa aweza kuyapata, kwa kuwa sababu kubwa ni mabadiliko ya mimba yenyewe.

3. MARADHI HAYA YANA NAMNA TATU

Namna ya kwanza ni ile ya kimya. Vijidudu vimo ndani ya mkojo kwa wingi, lakini mwanamke haumwi kitu. Analima, anachota maji, anakwenda sokoni, naye hajui.

Namna ya pili ni ya kibofu. Mwanamke huona moto au uchungu akikojoa, huenda haja kila mara lakini hutoa matone tu, huumwa chini ya kitovu, na pengine mkojo huwa mzito kama maziwa yaliyochanganywa na maji, au huwa na damu. Hapa yatupasa kuonya: kukojoa mara nyingi peke yake si ugonjwa, maana kila mwenye mimba hukojoa mara nyingi. Kinachotia shaka ni uchungu, moto au damu.

Namna ya tatu ni ya figo, nayo ndiyo ya kuogopwa. Mgonjwa hupata homa kali na kutetemeka, huumwa ubavu au mgongo chini ya mbavu, mara nyingi upande wa kuume, hutapika, na nguvu humwisha. Vijidudu huweza kuingia katika damu na kumwua mama. Uchungu wa kuzaa waweza kuanza kabla ya wakati wake, na mtoto akazaliwa njiti au mwenye uzito mdogo. Mwanamke wa namna hii asitibiwe nyumbani hata usiku mmoja. Apelekwe hospitali upesi.

Sasa msomaji atauliza: ile namna ya kimya yatudhuru nini, ikiwa haiumi? Jibu ni kwamba yaweza kupanda ikawa ya figo. Katika miaka ya 1950 na 1960 daktari Edward Kass wa Boston, Marekani, alionyesha ya kwamba wajawazito wenye vijidudu vya kimya ndio wengi wao walioshikwa baadaye na ugonjwa wa figo, na ya kwamba dawa huwakinga. Hesabu za zamani zilionyesha kuwa katika kila 100 wasiotibiwa, 20 hadi 30 hivi walipata ugonjwa wa figo. Uchunguzi wa Uholanzi uliotangazwa mwaka 2015 ulipata wachache sana, chini ya 3 katika 100. Lakini hao walikuwa wanawake waliochaguliwa kwa kuwa hawakuwa na hatari nyingine. Hatuwezi kuchukua hesabu hiyo na kuivika kila mwanamke wa vijiji vyetu.

4. HESABU YA JIRANI ZETU WA MWANZA

Isidhaniwe kuwa haya ni mambo ya Ulaya na Marekani tu. Mwaka 2009 ulitangazwa uchunguzi uliofanywa katika Hospitali ya Bugando, Mwanza, ambayo ndiyo hospitali ya rufaa ya kanda yetu ya Ziwa. Walipimwa wajawazito 247 waliokuja kliniki. Kati yao 78 walikuwa na dalili za maradhi ya mkojo, na 169 hawakuwa na dalili yo yote. Mkojo wao ulioteshwa katika maabara ili kuona kama vijidudu vimo.

Matokeo yake yafaa kila msomaji ayaweke moyoni. Kati ya wale 78 waliosikia maumivu, waliokuwa na vijidudu kweli walikuwa 14 tu, yaani kiasi cha 18 katika kila 100. Na kati ya wale 169 wasioumwa kitu, 22 walikuwa navyo, yaani 13 katika kila 100. Basi tazameni: wagonjwa waliofichika, 22, walikuwa wengi kuliko wale wenye dalili, 14. Tena katika wale wenye dalili, wanne kwa kila watano hawakuwa na vijidudu hata kidogo. Kama wote wangalipewa vidonge kwa kudhania, wengi wangalikula dawa bure.

Ndiyo maana tumesema makosa ni mawili. Anayengoja maumivu amewaacha wale 22. Anayegawa dawa kwa maumivu tu amewanywesha dawa wengi wasioihitaji.

5. YASICHANGANYWE NA MARADHI MENGINE

Katika nchi yetu ya kando ya Ziwa, mtu akishikwa na homa na kutetemeka, kila mmoja husema, "Ni malaria." Mara nyingi ni kweli, na mwenye mimba mwenye homa hana budi kupimwa malaria. Walakini kipimo kikionyesha kuwa hana malaria, kazi haijaisha. Mkojo nao upimwe. Na hata kikionyesha malaria, kama mgonjwa anaumwa ubavu au anakojoa kwa uchungu, mkojo usisahauliwe, maana maradhi mawili huweza kumshika mtu mmoja.

Damu katika mkojo yaweza kuwa ya kichocho. Kando ya Ziwa Nyanza kichocho kilichoenea zaidi ni kile cha tumbo, ambacho damu yake huonekana katika haja kubwa. Lakini kiko pia kichocho cha mkojo, ambacho kimeenea katika sehemu nyingine za nchi, na watu husafiri. Dawa ya kichocho haiui vijidudu vya mkojo, wala dawa ya vijidudu haiui minyoo ya kichocho. Kupima ndiko kutakakotenganisha.

Tena liko jambo linalovunja nyumba za watu. Mume akisikia mkewe anakojoa kwa uchungu, pengine humdhania kuwa amepata kisonono kwa kutoka nje ya ndoa, na mke naye kwa hofu huficha ugonjwa wake. Twasema wazi: maradhi haya si kisonono. Vijidudu vyake hutoka katika mwili wa mwanamke mwenyewe. Ni kweli kwamba kisonono nacho huleta uchungu wa mkojo, na aghalabu pamoja na usaha; lakini atakayesema ni kipi ni mganga wa kituo baada ya kupima, si mume wala jirani. Mwanamke anayeficha uchungu kwa kuogopa maneno aweza kufikwa na ugonjwa wa figo kabla ya mtu kujua.

6. JINSI YA KUTOA MKOJO WA KUPIMWA

Kipimo kizuri huharibika kwa mkojo uliochukuliwa vibaya, kwa hiyo twaeleza hatua kwa hatua. Mwanamke anawe mikono, kisha ajioshe sehemu za mbele kwa maji safi. Atenge midomo ya uke kwa vidole, aache mkojo wa kwanza uanguke chooni, kisha akinge ule wa katikati ndani ya chombo safi alichopewa, na wa mwisho auache. Asiguse ndani ya chombo. Akifunike na kukikabidhi mara moja. Mkojo ukikaa saa nyingi katika joto, vijidudu huzaana ndani ya chombo na kipimo hudanganya.

Katika zahanati nyingi hutumika kijiti cha kuchovya ambacho rangi yake hubadilika. Kijiti hiki ni msaada na hutoa jibu kwa dakika chache, lakini chaweza kukosa. Darubini husaidia zaidi, hasa vijidudu vikipakwa rangi kwanza. Kipimo kilicho bora kuliko vyote ni kuotesha vijidudu, ambako huchukua siku moja au mbili au zaidi, na huonyesha pia ni dawa gani itakayoviua. Kipimo hiki huhitaji maabara, nacho hakipatikani kila kijiji. Basi mwanamke ambaye maradhi yake hurudi, au ambaye dawa haikumfaa, asichoke kukubali rufaa kutoka zahanati kwenda kituo cha afya, hospitali ya wilaya, au Hospitali ya Rufaa ya Mkoa mjini Musoma.

7. DAWA NA NAMNA YA KUZITUMIA

Ashukuriwe Mungu, maradhi haya yanatibika. Ziko dawa zinazofaa kwa wenye mimba, kama vile amoksilini, sefaleksini na nitrofurantoini. Lakini kila moja ina masharti yake. Mathalan, nitrofurantoini haitolewi mimba ikiwa karibu na kuzaliwa. Kotrimoksazoli huepukwa katika miezi mitatu ya kwanza na karibu na kujifungua, wala isichanganywe na vidonge vya S.P. ambavyo wajawazito hupewa kliniki kwa kujikinga na malaria. Tetrasaiklini na doksisaiklini huepukwa, kwa kuwa huweza kuharibu meno na mifupa ya mtoto. Siprofloksasini nayo kwa kawaida hawapewi wenye mimba. Haya hatuyaandiki ili msomaji ajitibu mwenyewe, bali aone kwa nini yule muuza duka asiyeuliza habari za mimba si mtu wa kutegemewa.

Kwa maradhi ya kimya, Shirika la Afya Duniani katika maagizo yake ya mwaka 2016 lilishauri dawa itumiwe siku saba. Siku saba ni siku saba. Mwanamke akipona siku ya tatu, asiache, wala asiwekee akiba vidonge vilivyobaki, wala asimgawie shoga yake. Baada ya kumaliza, arudi apimwe tena, kwa kuwa maradhi haya hupenda kurejea. Ugonjwa wa figo hutibiwa hospitalini kwa sindano za mshipani kwanza, kisha kwa vidonge, na matibabu huchukua kwa kawaida siku 10 hadi 14.

Ipo sababu nyingine ya kuheshimu dawa. Vijidudu vinavyopigwa kwa dawa haba, au kwa dawa isiyo yake, huzoea, na kizazi chao huwa sugu. Katika uchunguzi ule wa Bugando, zaidi ya nusu ya Escherichia coli waliopatikana hawakufa kwa ampisilini, wala kwa tetrasaiklini, wala kwa kotrimoksazoli. Vijidudu waliopimwa hawakuwa wengi, lakini onyo ni wazi. Dawa iliyomponya nyanya yaweza kushindwa kumponya mjukuu.

8. KINGA

Mwenye mimba anywe maji safi ya kutosha kutwa nzima, hasa akifanya kazi juani. Asizuie mkojo, na akienda chooni asikimbilie kuondoka, amalize wote. Akijisafisha baada ya haja kubwa, apanguse kutoka mbele kwenda nyuma. Akojoe baada ya kukutana na mumewe. Asijioshe ndani ya uke kwa sabuni au dawa za kunukia, maana huondoa ulinzi wa mwili.

Wako wanaohitaji kuangaliwa zaidi: mwenye ugonjwa wa sukari, mwenye sikoseli, na yule aliyewahi kushikwa na maradhi haya zamani. Kadhalika ukeketaji, ambao bado wafanywa na baadhi ya watu wa mkoa wetu wa Mara, huweza kuleta matatizo ya mkojo ya maisha, pamoja na maradhi haya ya kurudiarudia. Sheria ya mwaka 1998 ilikataza kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18. Wazee wanaotaka wajukuu wenye afya wana neno la kulifikiri hapo.

9. KAZI YA KILA MMOJA

Mwanamke akijua ana mimba aende kliniki mapema, kabla ya kutimia wiki 12, ijapokuwa haumwi kitu. Shirika la Afya Duniani lashauri mahudhurio manane katika mimba moja. Akiwa huko aulize bila haya, "Je, mkojo wangu umepimwa?" Ni haki yake kuuliza, na mkunga mwema hatachukizwa.

Mume amsindikize, au walau ampe nauli na siku ya kupumzika. Mama mkwe asimzuie kwa kusema, "Sisi tulizaa bila vipimo." Walizaa, kweli, lakini wako na waliokufa, nao hawapo leo kutoa ushahidi. Wazee na watendaji wa vijiji wahakikishe zahanati ina choo kinachofungwa na maji ya kunawa, maana mwanamke hawezi kutoa mkojo safi mahali pasipo faragha. Wakiona vijiti vya kupimia vimekwisha, wapeleke habari wilayani, wasinyamaze. Walimu watazame vyoo vya wasichana shuleni; msichana anayezuia mkojo kutwa kwa sababu ya choo kibovu huzoea desturi itakayomdhuru.

Nchi yetu imewahi kujifunza hivi. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, wanakijiji walikaa vikundi vikundi wakasikiliza redio, wakasoma, wakajadiliana, kisha wakainuka wakachimba vyoo. Somo lililosomwa na kuishia kichwani halijawa somo. Twatumaini kuwa kikundi kitakachosoma haya kitainuka na kufanya jambo moja: kuwajua wenye mimba wote wa kitongoji chake, na kuona kwamba kila mmoja amepimwa mkojo wake.

MASWALI YA KUJIBIWA NA KIKUNDI

1. Kwa nini mkojo wa mwenye mimba hushuka polepole, na jambo hilo lina hatari gani?
2. Katika uchunguzi wa Bugando, wagonjwa waliofichika walikuwa wangapi, na wenye dalili wangapi? Twajifunza nini?
3. Mwenye mimba ana homa, na kipimo cha malaria chaonyesha hana. Mtamshauri nini?
4. Elezeni jinsi ya kukinga mkojo wa kupimwa.
5. Kwa nini haifai kuacha dawa siku ya tatu, au kutumia vidonge vilivyobaki vya mtu mwingine?
6. Mtamjibu nini mume anayesema kuwa mkewe amepata kisonono kwa sababu anakojoa kwa uchungu?
7. Je, zahanati yenu ina choo safi chenye faragha kwa wanawake wanaopimwa? Kama haina, ni nani atakayeanza kazi hiyo, na lini?